Neno la Upesi Lililogeuka Neno la Hiari

Mwaka 61 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Julius Caesar alikuwa safarini kwenda Hispania, alikopewa jimbo la kulitawala. Katika kuivuka milima ya Alps, yeye na wenzake walipita kwenye kijiji kidogo chenye watu wachache na hali duni. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Uyunani na wa Rumi, asimulia kwamba rafiki zake Caesar walikifanyia mzaha kijiji kile. Je, walisema, na hapa nako wako watu wanaogombea vyeo, na wakubwa wanaohusudiana? Caesar hakucheka. Aliwajibu kuwa yeye, kwa upande wake, angeona bora awe wa kwanza katika kijiji kile kuliko kuwa wa pili katika mji wa Rumi.

Jawabu hilo fupi limepita katika ndimi nyingi, na kila ulimi umelipima kwa kipimo chake. Plutarch aliyesimulia kwa Kigiriki alitumia neno “mallon”, ambalo maana yake ni “zaidi”. Thomas North, aliyemfasiri Plutarch kwa Kiingereza mwaka 1579 kwa kuifuata tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot, alitia neno “rather”. Mswahili akihadithiwa kisa hicho hicho atasema “bora”, au “afadhali”, au “heri”. Kwa mtazamo wa juu maneno yote haya yafanya kazi moja, yaani kuonyesha kuwa mtu amekipenda kitu hiki kuliko kile. Lakini asili zao hazifanani hata kidogo, na lililo la ajabu miongoni mwao ni hilo la Waingereza, kwani halikuzaliwa kuwa neno la kuchagua. Lilizaliwa kuwa neno la kwenda mbio.

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, palikuwa na neno “hrathe”, lenye maana ya upesi. Lilipotumiwa kulinganisha likawa “hrathor”, yaani upesi zaidi au mapema zaidi. Mtu aliyesema kuwa atafanya hili “hrathor” kuliko lile alikuwa akieleza mpango wa wakati tu: hili litatangulia, lile litafuata. Lakini akiwahicho mtu aghalabu ndicho akitakacho. Mgeni aliyetengewa sinia yenye vyakula vya namna nyingi hana haja ya kuulizwa apenda nini. Atazamwe tu mkono wake waanzia wapi. Basi karne kwa karne maana ikahama taratibu, kutoka kutangulia kwa wakati hata ikawa kutangulia kwa matakwa. Aliyesema “nitafanya hili mapema zaidi” akawa amefahamika kuwa asema “hili ndilo nilipendalo”.

Neno hilo likabaki yatima. Mama yake, “rathe”, alikufa katika usemi wa kawaida, akaponea katika lahaja za mashamba na katika ushairi. Mshairi John Milton alimfufua mwaka 1637, alipotunga “Lycidas” kumwombolezea Edward King, mwenzake wa chuoni Cambridge aliyekufa maji katika bahari ya Ireland. Katika utungo huo mshairi aagiza maua yaletwe kulipamba jeneza la yule ambaye mwili wake umebaki baharini, na ua la kwanza analolitaja ni lile linalochanua mapema kuliko mengine. Kwa ua hilo Milton alitumia “rathe”, kwa maana yake kongwe kabisa: la awali, la mapema. Msomaji wa leo asiyeijua asili hupita juu ya neno hilo bila kutambua kuwa amekutana na mzazi wa neno ambalo yeye mwenyewe hulitamka kila siku.

Si Waingereza peke yao walioipita njia hiyo. Wafaransa husema “plutôt”, neno lililoungwa kwa maneno mawili yenye maana ya “mapema zaidi”. Na Waingereza wenyewe, walipokwisha sahau kuwa “rather” lilikuwa neno la upesi, wakairudia njia ile ile kwa neno jingine, “sooner”. Mtu asemapo kwa neno hilo kuwa angekufa kuliko kumsaliti rafikiye, hatoi habari ya saa ya kifo chake, bali atoa habari ya moyo wake.

Hata hivyo, kabla upesi haujashika ufalme, Kiingereza kilikuwa na neno jingine la kazi hii, na hilo lilitoka katika mapenzi. Neno lenyewe ni “lief”, lenye maana ya kipenzi au azizi, la ukoo mmoja na lile la Kiingereza la kupenda. Likilinganisha lilikuwa “lever”, yaani kipenzi zaidi. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury alipomsifu mwanachuoni fukara wa Oxford. Kwa mwanachuoni huyo, kuwa na vitabu ishirini kichwani pa kitanda chake kulikuwa “lever” kuliko mavazi ya fahari na ala za muziki. Pokezi ya neno hilo ni nzuri mno: haielezi kuwa mtu yule angevikimbilia vitabu, bali kwamba vitabu vilikuwa vipenzi vyake. Wajerumani wangali na ndugu ya neno hilo hadi leo, “lieber”, na hulitumia kila siku. Kwa Waingereza limekufa, isipokuwa katika semi chache za kizamani. Neno la miguu limelipiku neno la moyo.

Mwenye kulelewa katika Kiswahili huenda akastaajabu kwamba upendeleo wa moyo uliweza kukabidhiwa kwa neno la haraka. Wahenga wa Pwani wametuusia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kweli wapo pia waliosema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini hata hao hawakuligeuza neno “upesi” kuwa kipimo cha ubora. Kiswahili kilipotaka kusema hiki kuliko kile kilishika njia nyingine, tena si moja.

Njia ya kwanza ni ya fadhila. “Afadhali” limetokana na Kiarabu “afdhal”, yaani chenye fadhila zaidi. Ndugu zake ni fadhili na fadhila, maneno ya wema na hisani. Kwa hiyo asemaye “afadhali nikae” amekitafutia kitendo chake sifa ndani ya kitendo chenyewe. Na neno hili limejizalia maana ambayo “rather” haikupata kuwa nayo: la mgonjwa. Jirani akiulizwa hali ya mgonjwa wake, akajibu “leo ana afadhali”, amesema kuwa leo ni bora kuliko jana bila kudai kuwa maradhi yamekwisha. Kulinganisha kumekuwa faraja.

Njia ya pili ni ya heri, na hapa pana siri inayostahili kuangaliwa. “Heri” na “hiari” ni watoto wa tumbo moja. Yote mawili yamechipuka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye herufi tatu, kha, ya na ra, ambao ndani yake mna wema na mna uchaguzi. Heri ni lililo jema; hiari ni uwezo wa kulichagua. Lugha yenyewe ni kama inayotwambia kuwa jema halijawa jema kamili mpaka aliyelishika awe amelichagua. Tena “heri” katika kinywa cha Mswahili mara nyingi hufungua mlango wa mambo mawili yasiyopendeza, mtu akashika lililo jepesi: heri nusu shari kuliko shari kamili, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hakuna apendaye shari hata ikiwa nusu, wala hakuna atamaniye upofu. Anayesema “heri” hapo ametia hasara zake katika mizani kwa macho makavu, kisha akaamua.

Njia ya tatu ni ya mapenzi, nayo ndiyo inayofanana na lile neno la Chaucer lililokufa. Kutokana na “penda” limenyambuliwa “pendelea”. Lakini neno hili lina mwiba. “Mimi hupendelea samaki kuliko nyama” ni kauli isiyo na lawama. “Baba huyu apendelea mtoto mmoja” ni shutuma. Na “upendeleo”, likitajwa katika habari za kazi, hukumu au mirathi, ni jina la dhuluma. Mapenzi yakikaa mezani ni ladha, yakiingia barazani pa kadhi ni uovu. Mfasiri anayeandika “upendeleo” kila anapokutana na neno la Kiingereza la kuchagua aweza kumtia hatiani mtu aliyesema tu kwamba apenda chai kuliko kahawa.

Iko na njia ya nne, ya kutanguliza. Neno “prefer”, ambalo Waingereza walilipata kutoka Kilatini, asili yake ni kubeba mbele, na Mswahili asemapo kuwa fulani atanguliza elimu kuliko mali amechora picha ile ile. Katika njia zote hizi, kiungo ni “kuliko”, neno ambalo ndani yake mna mahali: ku-li-ko, pale kilipo. Mlinganisho wa Kiswahili humsimamisha mtu mahali kilipo kimoja ili akitazame cha pili. Hakimhimizi, humtaka atazame.

Kazi ya neno “rather” katika Kiingereza chenyewe haikupita bila ugomvi. Kwa muda mrefu Waingereza walilitanguliza kwa kitenzi cha kuwa na kitu, wakasema “had rather”. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika kamusi yake mashuhuri, aliukemea usemi huo. Alidhani ni usemi wa kishenzi ulioingia katika lugha siku za karibuni, akashauri utumiwe msaidizi mwingine badala yake. Lakini usemi huo haukuwa wa karibuni. Umo katika tafsiri ya North ya mwaka 1579. Umo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Zaburi ya 84, pale mwenye kuomba anaposema kuwa yuko tayari kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu kuliko kukaa katika hema za waovu. Na ilhali Kiebrania pale chasema waziwazi “nimechagua”, wafasiri wa Kiingereza waliona “had rather” yatosha. Na zaidi ya hayo, usemi huo umejaa katika tamthilia za Shakespeare, ambazo Johnson huyo huyo alizihariri na kuzichapisha mwaka 1765, miaka kumi baada ya kuulaani. Mwenye kamusi alishindwa na vitabu vyake mwenyewe.

Na ni katika Shakespeare ndipo neno hili linapovaa uzito wake wote. Tamthilia ya Julius Caesar ilichezwa London mwaka 1599, na kitabu alichokitumia mtungaji kuipata historia yake ni hicho hicho cha North. Mapema katika mchezo, Brutus aliyechukizwa na nguvu za Caesar asema kwamba kwake yeye kuwa mwanakijiji ni “rather” kuliko kujiita mwana wa Rumi katika hali ngumu inayowakabili. Msomaji aliyekumbuka kile kijiji cha Alps hana budi kusita hapa. Watu wawili, neno moja, na chaguo moja kwa sura ya nje: kijiji badala ya Rumi. Lakini Caesar akitaka kijiji kwa sababu humo atakuwa mkubwa, na Brutus akitaka kijiji kwa sababu humo hatakuwa mtumwa. Neno “rather” lawafunika wote wawili kwa shuka moja. Halisemi nani asukumwa na tamaa na nani asukumwa na heshima ya nafsi.

Kiswahili hakimruhusu mfasiri kujificha hivyo. Kwa Caesar litafaa “bora”, kwa sababu asemalo ni habari ya daraja na ubora. Kwa Brutus “bora” litakuwa limempunguza. Yeye astahili “heri”, kwa kuwa ameweka hasara mbili mbele yake, au “radhi”, kwa kuwa amekubali kushuka. Mfasiri hulazimika kuijua nia ya msemaji kabla hajaandika neno. Hiyo ni taabu, lakini ni taabu yenye faida, maana humfanya asome mara mbili pale ambapo Mwingereza husoma mara moja.

Katikati ya mchezo, Caesar akiwa amekwisha uawa, Brutus asimama mbele ya umma wa Rumi kujitetea, na hoja yake kuu aiegemeza juu ya neno hilo hilo. Awataka wapime baina ya uhai wa Caesar pamoja na utumwa wao wote, na kifo cha Caesar pamoja na uhuru wao wote. Ni swali ambalo kwa kusikika tu halina majibu mawili. Nani atachagua utumwa? Umma wakubali. Lakini punde si punde mmoja wao apaza sauti kutaka huyo Brutus naye afanywe Caesar, na hapo ndipo inapodhihiri kwamba swali lilikuwa bovu tangu mwanzo. Brutus aliwapa mambo mawili, nao hawakuuliza kama hapakuwa na la tatu. Neno la kuchagua limetumika kuwanyima watu uchaguzi.

Tamthilia hii iliingia katika Kiswahili kwa mkono wa Julius Nyerere. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru na mfasiri mwenyewe akiwa Rais wa nchi. Akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la “Juliasi Kaizari”. Mtu aliyekuwa juu kabisa ya dola alikaa usiku na maneno ya watu waliomuua mtawala kwa hofu ya ukubwa wake. Na katika mwambao huu swali la Brutus lina uchungu ambao London ya mwaka 1599 haikuujua. Kwa wasikilizaji wa Shakespeare “watumwa” lilikuwa neno la jukwaani. Unguja ni mahali ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotia saini Seyyid Barghash, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897 tu. Hapa, mtu akiulizwa kama ataka kufa mtumwa au kuishi huru, swali linagusa makaburi ya watu wenye majina.

Mwenye kufasiri kutoka Kiingereza atakutana na neno hili katika sura nyingine pia, na asiyejihadhari litamtega. Katikati ya sentensi huweza kuwa ni kujisahihisha tu, nasi tuna “au tuseme” kwa kazi hiyo. Baada ya kanusho huwa ni “bali”: si hili, bali lile. Likitangulia sifa, hupunguza makali yake: chakula kilicho “rather” baridi ni chakula kilichopoa kiasi. Lakini hapa pana mtego ndani ya mtego, kwa kuwa Mwingereza wa tabaka fulani hupunguza neno pale pale anapokusudia kulikuza, na mgonjwa aliye “rather” mahututi katika barua ya bwana wa kizamani huenda yu karibu na kukata roho. Na katika karne ya 19 neno likasimama peke yake likawa jibu: mtu akiulizwa kama angependa kwenda, hujibu “rather!” kwa mkazo, kwa maana ya “naam, tena sana!”. Neno moja likawa laweza kupunguza na laweza kuzidisha, na mwamuzi ni sauti ya msemaji, ambayo karatasi haiichukui.

Kwa hiyo kamusi pekee haimtoshi mfasiri. Kamusi itampa “afadhali” na kumwacha mlangoni. Iliyobaki ni kazi ya kuuliza: msemaji ametanguliza nini, na kwa kipimo gani? Cha fadhila, cha heri, cha mapenzi, au cha daraja? Na swali la mwisho, ambalo Warumi wa Shakespeare walilisahau, ni kuuliza ni nani aliyeviweka vitu viwili mezani na kuwaambia watu wachague.

Hata kile kijiji cha Alps kina jambo la kutufunza katika hilo. Caesar alisema apendavyo, rafiki zake wakasikia, Plutarch akaandika, North akafasiri, na neno likavuka bahari hata likatufikia. Katika masimulizi yote hayo hapana aliyewageukia wanakijiji wale maskini kuwauliza kama wao nao wangeona heri kuwa na Caesar awe wa kwanza wao. Heri ya Caesar ilitajwa; hiari yao haikuulizwa. Kiswahili, kilichoyalea maneno hayo mawili kutoka mzizi mmoja, kingetaka yaulizwe pamoja.